Mwenye Sumu na Kinga Yake

Mwaka 1925 mtaalamu wa bakteria kutoka Ubelgiji, André Gratia, alichapisha taarifa fupi kuhusu aina mbili za E. coli, bakteria wanaoishi matumboni mwetu sote. Aina moja aliipa alama ya V, ya pili akaipa herufi ya Kigiriki, fi. Aliwakuza V kwenye mchuzi wa maabara, akachukua mchuzi huo na kuwatilia fi. Fi wakazuiwa kukua, hata pale mchuzi ulipozimuliwa sana. Kilichowadhuru kilipenya selofani, kikastahimili joto, na hakikuwa kiumbe hai. Miongo kadhaa baadaye, kilipochunguzwa barabara, kilionekana kuwa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa protini, wenye asidi amino 88.

Taarifa ile ilikuwa na jambo jingine ambalo halikuvuta macho ya wengi. V wenyewe hawakudhurika. Waliishi ndani ya mchuzi uleule, wakala na kugawanyika humo, na sumu imewazunguka pande zote. Wao pia ni E. coli, na utando wao ni sawa na utando wa fi. Kama sumu hii inaua E. coli, imekuwaje V wapone?

Jibu la kwanza la uhakika kwa swali la namna hii, lililoonyesha kinga yenyewe ikifanya kazi, lilipatikana karibu nusu karne baadaye, na lilihusu sumu nyingine kabisa. Katika muda wote huo watu walizisaka sumu, wakazipa majina, wakaziuza. Kinga ilikaa pembeni. Kwa maoni yangu huo ulikuwa upungufu mkubwa wa somo hili, kwa kuwa bakteria wengi hawana sumu ya kutengeneza, lakini kinga wanaweza kuipata kutoka kwa wenzao.

Hadithi ndefu kuliko zote katika jambo hili ilianzia kwenye maziwa. Mwaka 1928 Lore Rogers, aliyekuwa akiongoza utafiti wa maziwa katika serikali ya Marekani, aliandika kwamba bakteria wa kawaida wa kugandisha maziwa, ambao siku hizi tunawaita Lactococcus lactis, walimzuia kukua bakteria mwenzao anayetumika kutengenezea yogati. Ni bakteria walewale wanaogandisha mala na mtindi wa kwetu. Rogers aliona kwamba ndani ya maziwa yaliyochacha mlikuwa na kitu zaidi ya asidi.

Huko New Zealand jambo hilohilo lilikuwa hasara ya fedha. Nchi ile iliishi kwa kuuza siagi na jibini Uingereza, na viwandani palitokea siku ambazo maziwa yaligoma. Mtengenezaji alimimina chachu yake kwenye pipa kubwa la maziwa ya uvuguvugu, akasubiri asidi ipande kama kawaida, na asidi haikupanda. Saa zilipita, maziwa yakabaki matamu, na jibini ya siku hiyo ikaharibika. Hugh Whitehead, wa taasisi ya utafiti wa maziwa ya Palmerston North, alilifuatilia tatizo hilo hadi kwenye maziwa mabichi yaliyotoka mashambani. Alikuta kwamba baadhi yake yalikuja na bakteria wa jamii moja na wale wa chachu, ila hawa wageni walitoa kitu kilichowazuia wenyeji. Mwaka 1933 alichapisha kwamba kitu hicho kina tabia za peptidi. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake Cox walionyesha kwamba chachu huharibiwa pia na virusi vya bakteria, na viwanda vikaelekeza nguvu zote kwenye virusi. Peptidi ile ikawekwa kando.

Ilirudi wakati wa vita. Katika taasisi ya taifa ya utafiti wa maziwa ya Shinfield, karibu na mji wa Reading, Uingereza, Mattick na Hirsch walitangaza mwaka 1944 kwamba wamepata kitu chenye nguvu kubwa kutoka kwa bakteria wa maziwa, ambao kwa mpangilio wa makundi ya streptokoki wa Rebecca Lancefield walikuwa kundi N. Kikapewa jina la nisini. Penisilini ilikuwa imeanza kuokoa maisha ya wanajeshi, na kila maabara ilitamani kupata ya kwake. Nisini iliua streptokoki na stafilokoki, ikawaua hata wale wa kifua kikuu ndani ya chupa. Lakini mwilini haikufaa. Katika hali ya damu isiyo na asidi haiyeyuki vizuri, na ikimezwa vimeng'enya vya utumbo huikatakata.

Udhaifu huohuo ulikuwa habari njema kwa chakula, kwa sababu kitu kinachomeng'enywa kama nyama hakibaki mwilini. Mwaka 1951 Hirsch na wenzake walionyesha kwamba chachu inayotoa nisini inaweza kuzuia jibini za aina ya Uswisi zisifure na kupasuka kwa gesi ya bakteria wa Clostridium. Ila palizuka kikwazo. Nisini ile iliwaua pia bakteria wengine ambao jibini inawahitaji ili iive na kupata ladha. Waliobaki hai pipani ni waliokuwa na kinga. Wenye viwanda wakaamua kuacha kutumia bakteria wenyewe, wakatumia unga wa nisini, na kampuni ya Aplin & Barrett ikauingiza sokoni. Mwaka 1969 wataalamu wa FAO na WHO waliukubali, mwaka 1983 Ulaya ikaupa namba E234, na mwaka 1988 Marekani ikauruhusu kwenye jibini za kupaka. Atakayesoma maandishi madogo ya pakiti ya jibini laini dukani huenda akaikuta namba hiyo.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne sumu ilikuwa bidhaa. Kinga ilikuwa bado ni usumbufu wa kiwandani tu.

Mtu aliyelishika swali la kinga kwa dhati alikuwa Pierre Fredericq wa Liège, mfuasi wa Gratia. Kuanzia miaka ya 1940 alikusanya mamia ya E. coli na kuwapambanisha wawili wawili kwenye sahani za agari, akiangalia nani anamzuia nani. Sumu zao, walizoziita kolisini, alizipanga kwa herufi. Kazi hiyo ya kuchosha ilitoa kanuni iliyo wazi: anayetengeneza kolisini fulani hafi kwa kolisini hiyo, lakini anaweza kufa kwa nyingine yoyote. Kinga yake ni ya sumu moja tu. Fredericq alitenganisha pia mambo mawili ambayo wengi waliyachanganya. Kuna bakteria wanaopona kwa kuwa wamepoteza mahali pa sumu kushika, na hao ni sugu. Mtengenezaji si wa namna hiyo. Yeye bado ana mahali pale, sumu inamshika kama inavyowashika wengine, na bado haimuui.

Tofauti hiyo ilimaanisha kwamba ndani ya mtengenezaji kuna kitu kinachofanya kazi. Kukikamata kulihitaji maabara ya Masayasu Nomura, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Nomura alikuwa bingwa wa ribosomu, mashine za seli zinazounda protini. Alijua kwamba kolisini E3 huua kwa kuharibu ribosomu, ikikata RNA yake mahali pamoja tu, karibu na mwisho wa mnyororo, na mashine nzima inasimama. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba wenye kinga wana ribosomu za namna ya pekee zisizokatika. Mwaka 1971 Bowman, Sidikaro na Nomura walizitoa ribosomu za seli zenye kinga, wakazisafisha, wakazitilia E3. Zikakatika kama za seli nyingine yoyote. Walipozirudishia maji ya ndani ya seli zilikotoka, zikapona. Basi kinga haikuwa kwenye ribosomu. Ilikuwa ikielea ndani ya seli, protini ndogo iliyoikamata E3 na kuizuia isikate.

Lakini palikuwa na jambo lisiloeleweka. E3 iliyosafishwa kwa uangalifu mkubwa ilikuwa dhaifu sana kwenye chupa, ingawa molekuli chache tu zilitosha kumuua bakteria mzima. Mwaka 1974 Karen Jakes na Norton Zinder, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza kwa nini. E3 safi waliyokuwa nayo watu haikuwa peke yake. Kila molekuli ya sumu ilikuwa imeshikana na molekuli moja ya protini ya kinga, na usafishaji wa kawaida haukuzitenganisha. Walipozitenganisha kwa nguvu, E3 ikageuka kali mno. Kumbe mtengenezaji hatoi sumu ikiwa wazi. Huiunda pamoja na kizuizi chake, hutoka vikiwa vimeshikana, na vinaachana pale tu sumu inapoingia kwa mwingine.

Kila nikifikiria jaribio lile naona uzito wake. Kwa miaka mingi wachunguzi walikuwa na kinga mikononi, ndani ya chupa yenye maandishi ya sumu, bila kuiona.

E3 hata hivyo ni protini kubwa, na namna yake ya kutoka ni ya kikatili: seli inayoitoa hupasuka na kufa, kinga inawafaa ndugu zake waliobaki. Peptidi kama nisini hutolewa na seli iliyo hai, inayoendelea kuishi na kuendelea kutoa. Kwake kinga ni jambo la kila dakika. Na nisini haiingii ndani kutafuta mashine ya kuvunja. Inashambulia utando kutoka nje, mahali ambapo protini inayoelea ndani ya seli haiwezi kufika. Jibu la Nomura halikuweza kuwa jibu la maziwa.

Dalili za kwanza zilitoka Poland. Mwaka 1974 Kozak na wenzake wa Warsaw waliwatesa bakteria wa nisini kwa joto na kwa rangi zinazovuruga DNA, wakapata watoto wasiotoa nisini tena. Uwezo huo ulikuwa kitu kinachoweza kudondoka. Miaka kumi baadaye, Norwich, Uingereza, Michael Gasson alifanya kinyume chake: aliwaacha bakteria wa nisini wakutane na wasio nayo, akaona uwezo ukihama. Ulihama ukiwa umefungwa na mambo mengine mawili, kinga dhidi ya nisini na uwezo wa kula sukrosi. Mwaka 1992 Rauch na de Vos wa Uholanzi walikiona kifurushi chenyewe, kipande cha DNA cha herufi 70,000 hivi kinachoweza kujichomoa na kwenda kwa bakteria mwingine.

Umuhimu wa kifurushi kile unaonekana ukijiuliza ingekuwaje kama vitu vingehama kimoja kimoja. Bakteria atakayepokea jeni ya sumu bila kinga atakufa kwa kazi ya mikono yake, na ukoo huo utaishia hapo. Waliosalia hadi leo ni wale ambao jeni zao za sumu na kinga zilikaa jirani.

Umbo la nisini lilikuwa limeshajulikana tangu 1971. Erhard Gross na John Morell, wa taasisi za afya za taifa za Marekani, waliichambua na kukuta asidi amino 34, baadhi yake zisizo za kawaida kabisa, na pete tano zilizofungwa kwa salfa. Protini za kawaida hazina pete kama hizo. Wengi walidhani nisini haitokani na jeni moja kwa moja bali hujengwa na vimeng'enya, kama zilivyo antibiotiki nyingi za peptidi. Mwaka 1988 maabara ya Norman Hansen, huko Maryland, ilisoma jeni yake, na mwaka huohuo kundi la Ujerumani lilisoma ya epidermini, binamu yake. Jeni zilikuwepo, za kawaida kabisa. Nisini huanza kama mnyororo wa asidi amino 57. Serini na threonini zake hunyang'anywa maji, kisha huunganishwa na sisteini na pete zikafungika.

Zile asidi amino 23 za ziada zilizoko mbele ndizo zinazonivutia. Maadamu hazijakatwa, nisini iliyokamilika pete zote haina ukali wa maana. Seli inaiunda ndani ya mwili wake ikiwa na kipande hicho, pampu iitwayo NisT inaisukuma nje, na huko nje ndiko kimeng'enya NisP, kilichojishika kwenye uso wa seli, kinapokikata. Sumu haiwi sumu hadi imeshatoka. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na ni ya ratiba tu: jambo la hatari linafanywa mwisho, na linafanyiwa nje.

Ila ratiba hiyo inaleta tatizo papo hapo. NisP anakatia pale pale mlangoni. Nisini kali inaachiliwa sentimita sifuri kutoka kwenye utando wa mtengenezaji, utando ambao hauna tofauti na wa majirani.

Ili kuelewa anachokabiliana nacho ilibidi kwanza ijulikane nisini inaua vipi, na hapo palikuwa na fumbo la hesabu. Wachunguzi walitengeneza matone ya utando bandia, wakayatilia nisini, na yakatoboka. Lakini kiasi kilichohitajika kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko kinachotosha kumuua bakteria hai. Utando hai ulikuwa na kitu ambacho utando bandia haukuwa nacho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maabara ya Hans-Georg Sahl, huko Bonn, ilionyesha kwamba nisini hushika lipidi II, molekuli inayobeba matofali ya ukuta wa seli kutoka ndani kwenda nje. Mwaka 1999 Eefjan Breukink na wenzake wa Utrecht walitia lipidi II kwenye matone yao, na kiasi kidogo tu cha nisini kikatosha kuyatoboa. Vankomaisini, dawa ya hospitali inayoshika lipidi II hiyohiyo, ilipotangulia, nisini ilikosa pa kushika na matundu hayakutokea.

Lipidi II haina mbadala. Bakteria hawezi kuiacha wala kuibadilisha kirahisi, maana bila yake hana ukuta. Mtengenezaji wa nisini hakuwa na njia ya kuondoa shabaha mwilini mwake. Ilimbidi aishi nayo ikiwa wazi, na azuie nisini isiifikie.

Jinsi anavyofanya hivyo ilifumbuliwa Uholanzi na Ujerumani katika miaka michache yenye kazi nyingi. Oscar Kuipers na Willem de Vos, wakiwa NIZO, Ede, walieleza mwaka 1993 mfululizo wa jeni za nisini, na katikati yake wakaonyesha moja iitwayo nisI. Protini yake, NisI, imejishika kwa mkia wa mafuta kwenye uso wa nje wa utando, na inaikamata nisini kabla haijafika kwenye lipidi II. Walipompa jeni hiyo peke yake bakteria asiye na kinga, alipona kidogo, sehemu ndogo sana ya uwezo wa mtengenezaji halisi. Palikuwa na kitu kingine. Mwaka 1995 Siegers na Entian wa Frankfurt walikipata: jeni tatu, nisF, nisE na nisG, zinazounda pampu. Walipoziharibu, mtengenezaji akaanza kudhurika na nisini. Pampu hiyo huitoa nisini iliyokwisha kuzama kwenye utando na kuirudisha nje, bila kuchoka, kama baharia anavyofua maji ya chombo kinachovuja. Mwaka 2003 Stein na wenzake, Frankfurt hukohuko, walizihamishia sehemu hizo mbili kwa bakteria wa udongo, Bacillus subtilis, ambaye hana uhusiano na nisini. Kila moja ilimkinga kidogo. Zikiwa pamoja zilimkinga zaidi sana: NisI inapunguza zinazofika, pampu inashughulika na zinazopita.

Katika mwaka uleule wa 1995, Kuipers na wenzake walifanya jaribio ambalo naliweka juu ya mengine yote. Walifuta herufi nne tu za DNA ndani ya jeni ya nisini, bakteria akashindwa kutoa sumu. Cha ajabu, hata usomaji wa jeni hiyo ulizimika, ingawa swichi yake haikuguswa. Wakatia kwenye mchuzi nisini kidogo kutoka chupani, kiasi kisichoua, na usomaji ukaanza upya. Maana yake ni kwamba nisini yenyewe ndiyo ishara. Protini iitwayo NisK, iliyoko kwenye utando, huihisi nisini nje na kupeleka habari kwa NisR, naye huwasha jeni za sumu na jeni za pampu kwa pamoja. Jinsi sumu inavyoongezeka ndivyo kinga inavyoongezwa, kwa amri ya sumu hiyohiyo.

Mpango huo una mwanya mwanzoni kabisa. Kama kinga inangoja ishara, na ishara ni sumu, nisini ya kwanza kufika itamkuta mwenyewe hajajiandaa. Mwaka 2006 Li na O'Sullivan wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba nisI ina swichi yake ya pembeni, ndani ya mfululizo wa jeni, isiyongoja amri ya NisR. NisI kidogo huweza kutengenezwa wakati wote, hata kabla ya tone la kwanza la nisini.

Wakati hayo yakiendelea, huko Ås, Norway, kundi la Ingolf Nes lilikuwa na peptidi nyingine ya bakteria wa maziwa, laktokosini A, ya asidi amino 54, isiyo na pete. Kinga yake ni protini moja tu, LciA, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua inafanya nini. Haikuonekana kuishika laktokosini. Mwaka 2007 Dzung Diep, Nes na wenzao walilitatua kwa kuwavua samaki wawili kwa ndoana moja: waliikamata LciA na kuangalia nini kimekuja nayo. Kwenye seli zilizowekewa laktokosini, LciA ilikuja imeng'ang'ania mlango unaoingiza sukari ya manosi. Bila laktokosini, haikuung'ang'ania hivyo. Sumu ile huutumia mlango wa manosi, huushika na kuuacha wazi hadi uhai unavuja. LciA hungoja kutokea ndani. Sumu ikishaushika mlango, nayo hukaza hapohapo na kuufunga pamoja na sumu yenyewe. Ikiwa hakuna sumu, mlango uko huru na bakteria anakula manosi yake. Fredericq alikuwa amesema mtengenezaji anashikwa na sumu bila kufa. Hapa hali hiyo ilionekana kwenye molekuli.

Madrid ilichukua njia yake. Mwaka 1976 Carlos Asensio na wenzake walitangaza familia ya peptidi ndogo za bakteria wa utumbo, mikrosini. Mojawapo, mikrosini B17, ya asidi amino 43, hushambulia girasi, kimeng'enya kinachosokota na kusokotoa DNA ili iweze kunakiliwa. Mwaka 1988 Felipe Moreno, Roberto Kolter na wenzao walieleza kinga yake: pampu ya jeni mbili, mcbE na mcbF, na ya tatu, mcbG, ambayo protini yake huilinda girasi.

Girasi hiyohiyo ndiyo shabaha ya kwinoloni, jamii ya dawa yenye siprofloksasini, ambayo wagonjwa wa Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la kifupi la sipro na wanapewa kwa homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa miaka mingi waganga walijipa moyo kwamba usugu dhidi ya kwinoloni hutokea kwa mabadiliko ndani ya bakteria mmoja mmoja, na hauhami kwa plasmidi, kipande cha DNA kinachoweza kupitishwa kati ya bakteria. Mwaka 1998 Luis Martínez-Martínez, Álvaro Pascual na George Jacoby waliripoti bakteria wa Klebsiella kutoka kwa mgonjwa wa Birmingham, Alabama, mwenye plasmidi iliyobeba usugu huo. Protini iliyohusika, Qnr, iliposomwa ilionekana kuwa ya jamii moja na McbG: mnyororo unaorudia mpangilio uleule kila baada ya asidi amino tano, unaoilinda girasi. Qnr haikutoka kwa McbG moja kwa moja. Lakini ufundi ni uleule, na bakteria walikuwa nao muda mrefu kabla kiwanda chochote hakijatengeneza kwinoloni.

Nisini nayo ina wapinzani wasioitengeneza. Huko Minnesota, mwaka 1991, Froseth na McKay walieleza jeni ya bakteria wa maziwa asiyetoa nisini lakini asiyekufa kwayo. Protini yake, NSR, ni kisu. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba hukata asidi amino sita za mwisho za nisini, na kilichobaki kinapoteza karibu ukali wote. Kisu kama hicho kinapatikana pia kwa Streptococcus agalactiae, anayeweza kumwambukiza mtoto mchanga wakati wa kuzaliwa, na hapo suala linatoka kwenye jibini na kufika wodini. Wale wanaotaka kuifanya nisini kuwa dawa wanalazimika kuanza na kisu hicho. Huko Cork, Ireland, Des Field, Colin Hill na wenzao waligusa mahali kinapokatia, baada ya asidi amino ya 28. Mwaka 2019 walichapisha matokeo: kwenye nafasi ya 29 waliondoa serini na kuweka prolini, na nisini hiyo mpya ikawaua bakteria wenye NSR kwa nguvu zaidi kuliko ile ya asili.